Meslay ni shamba, si kasri

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majengo ya kale ya Ufaransa niliisoma hadi mwisho, kisha nikarudia sehemu inayotaja Meslay, karibu na mji wa Tours. Mmeiita kasri. Naomba mrekebishe: lile ni shamba, na ukuta wake ulijengwa kulinda nafaka.

Najua kinachowapotosha wengi ni lango. Ni la mawe, lina tao la mviringo na chumba juu yake; mpita njia atadhani ndani alikaa mtawala. Ukishaingia unakuta ua mpana, nyumba ya njiwa na ghala. Ghala lenyewe lina urefu wa mita 60 na upana wa mita 25. Lilijengwa mnamo mwaka 1220, enzi za Abate Hugues des Roches, mkuu wa Marmoutier, abasia (makao ya watawa) ya Wabenedikto, watawa ambao kwetu Tanzania tunawajua kwa abasia zao za Peramiho na Ndanda. Abasia ilikuwa na ardhi kubwa, na mavuno yake yalihitaji pa kuwekwa. Wanapopita watu wenye silaha, nafaka ndiyo hutafutwa kwanza, kwa hiyo ikazungushiwa ukuta.

Hata hivyo ukuta haukufua dafu. Wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa ghala liliungua, na kenchi tunazoziona leo ni za karne ya 15. Mimi ni seremala, naishi Tours, na kila nikienda pale huchelewa kutoka kwa sababu ya kenchi hizo. Nguzo za mwaloni zimesimama safu kwa safu, zikiligawa ghala njia tano. Ulimi wa boriti umeingia tunduni mwa nguzo, halafu kikapigiliwa kigingi cha mti kukaza kiungo. Mwaka jana nilipitisha kiganja kwenye nguzo moja nikahisi mabonde madogo yaliyoachwa na shoka. Fundi yule alichonga kwa mkono, na kazi yake bado imebeba paa.

Mapinduzi ya 1789 yalipofika, mali za Kanisa zilitaifishwa na kuuzwa. Kanisa kubwa la Marmoutier likaja kubomolewa, lakini ghala lake la Meslay likabaki. Mwaka 1964 mpiga piano Sviatoslav Richter alianzisha humo tamasha la muziki, na hadi leo watu hukaa kwenye viti mahali palipokuwa pamerundikwa miganda ya ngano.

Jina la abate limehifadhiwa. Waliovuna ngano ile, waliosukuma mikokoteni hadi langoni, na mafundi waliosimamisha paa upya baada ya moto, makala yenu haikuwagusa hata kwa sentensi moja. Kwa kuliita jengo lao kasri, mmewaondoa kabisa. Tafadhali chapisheni masahihisho, na watajeni.

Msomaji wenu,
Tours, Ufaransa