Shaba na aluminiamu msichanganye kwenye maji ya kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na vijana wenzangu wa Kampala wanaojitengenezea bloku za maji za kupozea prosesa, yaani kipande cha chuma chenye njia za maji kinachokaa juu ya chipu kuu ya kompyuta, maana naona wengi wanapita njia ile ile iliyoniunguza mimi.

Nahariri video za harusi hapa Ndeeba. Kompyuta yangu ilikuwa inafika digrii 95 inajipunguza spidi yenyewe, feni inalia kama mashine ya kusaga posho, kazi ya saa moja inakula mbili. Nikamwendea mzee mmoja Katwe anayechonga vyuma, nikampa kipande cha shaba nene nilichotoa kwenye skrepa, akakitoboa kwa drili njia za maji zikakutana ndani, matundu ya pembeni akayaziba kwa kulehemu akaacha mawili ya mipira. Kazi safi, mzee yule namshukuru mpaka leo.

Uso wa chini nilisawazisha mwenyewe. Nililaza msasa juu ya kioo, nikaumwagia maji, nikachora mistari ya maka kwenye shaba nikaanza kusugua, mistari ya pembeni ikafutika ile ya katikati ikabaki, nikajua hapo pana bonde, nikasugua tena mpaka yote ikaisha. Msiruke hatua hii jamani, bonde dogo tu linazuia shaba isikae sawa juu ya prosesa na kupaka pesti nyingi ya kupitisha joto hakusaidii.

Kosa langu lilikuwa rejeta, ile inayopoza maji ya moto ambayo pampu inayazungusha kutoka kwenye bloku. Muuza spea mmoja alinipa ya aluminiamu akasema rejeta ni rejeta. Digrii zikashuka mpaka 60 na kitu, nikafurahi sana. Mwezi wa nne wa kuitumia, rejeta ikadondosha maji juu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) usiku nikiwa nimelala, mazabodi ikafa na video za harusi ya watu zikachelewa. Nilipofungua nikakuta maji yamekuwa uji wa kijivu na aluminiamu imeliwa vitobo vitobo. Shaba na aluminiamu zikikaa kwenye maji mamoja zinageuka kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu.

Najua shaba ni ghali banange, ingawa nchi yetu ilikuwa inaichimba Kilembe mpaka 1982. Kama huiwezi basi fanya zote aluminiamu, bloku na rejeta, joto litapita pungufu lakini hazitakulana. Ukiiweza, tafuta rejeta ndogo ya hita ya gari la zamani, ikwaruze kwa kisu, ukiona wekundu au unjano chukua, ikiwa nyeupe ndani iache. Maji tumia yale safi ya kuongeza kwenye betri, siyo asidi na siyo ya bomba. Halafu washa pampu peke yake kompyuta ikiwa imezimwa, tandika tishu chini ya kila kiungo, acha masaa 24.

Na wewe ambaye tayari umeshachanganya, zima leo uangalie rangi ya maji.

Msomaji wenu,
Ndeeba, Kampala