Miembe ya Sikonge Isikatwe Kwanza

Manyovu, Buhigwe,
6 Septemba

Ndugu yangu mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wote walio nyumbani kwako. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Kahawa imekwisha kuuzwa, watoto wamerudi shule, na mzee bado analilalamikia goti lake kila jioni. Hayo ndiyo ya huku. Sasa niruhusu niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu usiku huu.

Mwalimu alipita hapa juzi akitokea kwenu, na kabla hata hajamaliza uji alinieleza kwamba umekwisha kuelewana na wenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, waje kuikata miembe yote ya marehemu baba kwa ajili ya kuni, na kwamba ekari zile zote tatu utazipanda miparachichi ya Hass kabla mvua za Novemba hazijashika. Nilidhani amechanganya na shamba la Mzee Masanja, lakini alishikilia kauli yake. Kama ni kweli, tafadhali waambie wenye misumeno wasubiri mpaka utakapokuwa umeisoma barua hii yote.

Sipingi parachichi, na ningekuwa mnafiki kulipinga, kwa kuwa ndilo linalowasomesha wanangu. Ninachopinga ni kulichukua zao lililozoea milima na kulipeleka Sikonge bila kuiuliza ardhi. Huku kwetu kuna ubaridi na ukungu wa asubuhi, na mvua huanza Oktoba zikatufikisha karibu na Mei. Kwenu kiangazi hushika Mei na huachia Novemba, na jua la Oktoba unalijua wewe kuliko mimi. Mizizi inayoulisha mparachichi haiendi mbali. Mingi yake imo katika sentimita 30 za juu za udongo, ndiyo maana mti huo huwa wa kwanza kulia ukame ukiingia, na pia huwa wa kwanza kufa maji yakituama, kwa sababu mizizi hukosa hewa na ugonjwa wa kuoza huingia. Upande wa chini wa shamba lako, pale linapoteremkia mbuga yenye udongo mweusi, una mabaya yote mawili: masika bwawa, kiangazi nyufa za kuingiza mguu.

Usiniamini kwa maneno matupu. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena, kisha ulitazame asubuhi yake. Ukikuta maji bado yamo, hapo si mahali pa mparachichi, hata mche uwe umetoka peponi. Upande wa juu wenye kichanga huenda ukafaa, mradi kisima chako kiwe na maji ya kumwagilia kiangazi chote na uweke matandazo ya kutosha bila kuyagusisha na shina, maana mchwa wa kwenu hawahitaji kukaribishwa.

Na huyo kijana wa pikipiki anayeuza miche, ambaye Mwalimu anasema ameahidi kwamba kila tunda litanunuliwa, je, amekuonyesha mkataba au amekuonyesha picha za kwenye simu tu? Wanunuzi wa Hass ya kwenda nje wamezoea Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, ambako wakulima ni wengi na lori hujaa kwa muda mfupi. Sijui nani atafunga safari kufuata mzigo wa mtu mmoja Sikonge. Uikague pia miche yenyewe. Hass zote duniani zinatokana na mti mmoja uliokuwa California, aliousajili Rudolph Hass mwaka 1935, na tangu hapo aina hiyo huendelezwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha ncha ya tawi la mti bora kwenye shina la mche mwingine, kwa kuwa mbegu ya Hass ikioteshwa haizai Hass. Shika mche, pandisha kidole kwenye shina kutoka usawa wa udongo. Usipolikuta kovu la mahali ulipobebeshwa, mrudishie mwenyewe na umtakie safari njema.

Lakini kinachoniuma zaidi ni miembe. Miti ile ina mizizi iliyokwisha kufika kwenye maji ambayo ndoo yako haitafika, imevumilia kila kiangazi tangu kabla hatujazaliwa, na haijakudai hata debe moja la maji. Tabora nzima imejaa miembe kwa sababu inafaa hapo. Tazama ile iliyofuata njia ya misafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, hakuna anayeimwagilia. Najua malalamiko yako, umeyarudia katika kila barua: maembe yana nyuzi, yanaiva yote kwa pamoja mwezi Desemba wakati kila nyumba ina yake, bei ya ndoo inatia aibu, na nusu yake yana funza. Yote ni kweli. Hata hivyo, hayo ni makosa ya matawi na ya matunzo. Shina halina hatia.

Shina unaweza kulibakiza na kulivisha matawi mengine. Chagua kwanza ile miembe isiyobeba chochote msimu huu, ukate matawi yake makubwa kwa usawa wa kifua, kwa msumeno wala si kwa shoka, na mkato uwe na mteremko ili maji yasilale juu yake. Acha tawi moja lenye majani liendelee kuulisha mti. Paka chokaa kwenye magome yaliyobaki wazi, kwa maana jua la kwenu hubabua gome lililozoea kivuli. Mvua zikianza utaona machipukizi mengi yakitoka kuzunguka mkato. Mengi uyaondoe, ubakize machache yenye nguvu yaliyoachana vizuri. Yakifikia unene wa penseli, ndipo unabebesha.

Kazi yenyewe uliiona kwa shemeji yangu pale Ujiji, ila siku ile ulikuwa unamsikiliza zaidi muuza migebuka. Unachukua ncha ya tawi la mwembe bora, lenye unene sawa na chipukizi, ambalo majani yake yalipunguzwa wiki moja kabla ili macho yavimbe. Unaichonga pande mbili kama kabari ya sentimita tatu au nne, unalipasua chipukizi katikati, unaipachika kabari mpaka gome likutane na gome angalau upande mmoja, kisha unakaza kwa utepe wa plastiki na kuifunika kwa mfuko mwembamba, ule wanaofungia lambalamba. Kisu kiwe kikali na kisafi, na sehemu iliyochongwa isiguswe kwa vidole. Ikishika, macho huanza kufunguka baada ya wiki chache, na mti wa namna hiyo unaweza kuanza kukupa maembe mapya baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa mizizi tayari ni ya mtu mzima. Linganisha na mche wa Hass, ambao hata ukitunzwa vizuri utakuweka miaka mitatu au minne ukiumwagilia tu.

Kuhusu funza, huyo ni inzi wa matunda, na yule mbaya zaidi ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa embe linalokaribia kukomaa na kutaga ndani. Funza hula, embe huanguka, naye huingia ardhini kujigeuza inzi mwingine. Kwa hiyo kila embe linalooza chini ya mti wako ni kiwanda. Yaokoteni kila siku, myafukie kwa kina kinachozidi nusu mita au myafunge katika mfuko mweusi na kuuanika juani mpaka funza wafe, na mtundike mitego ya kunasia madume. Jirani zako wasipofanya hivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha, nami namfahamu yule jirani yako mgumu, kwa hiyo anza naye mapema na uende na sukari.

Uliniuliza pia habari za makadamia. Ninayo michache katikati ya kahawa na inakwenda vizuri kwa sababu ya ubaridi na mvua. Kwenu nisingeijaribu, ukitaka mti wa kokwa, upande ule wa kichanga weka mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ambayo ni kama miche 28 kwa ekari, inavumilia kiangazi. Na ukija kupewa makadamia ya kutafuna, mbwa wako wasiokote, zinawadhuru.

Hizo fedha za kuni sizidharau, ninajua ada ya Neema inakaribia. Lakini kuni huuzwa mara moja. Kama shida ni ada, niambie waziwazi, tutazungumza kama tulivyozungumza mwaka ule wa msiba.

Na mimi nina ombi langu. Miparachichi yangu inachanua sana lakini inabeba kidogo. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, likajifunga, kisha hufunguka tena kama dume, na Hass huwa jike asubuhi. Ndiyo maana nimechanganya na Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ambayo huwa jike mchana, lakini bila nyuki wa kubeba chavua mpangilio huo haunisaidii kitu. Ninyi wa Sikonge ndio wenye nyuki. Nitafutie mizinga ya masanduku iliyotengenezwa vizuri, nami nitakuletea vikonyo, yaani ncha za matawi za kubebeshea, vya embe la Apple na dodo kutoka kwa shemeji, vimefungwa katika gazeti bichi ndani ya plastiki. Kwa treni hadi Tabora vitafika vikiwa hai.

Sasa nijibu haya bila kuzunguka. Je, umekwisha kupokea fedha za hao wa mabani, au ni maneno tu? Miembe mingapi haijabeba msimu huu? Miche ya Hass umeilipia yote au umetoa malipo ya awali tu, na ina kovu? Kisima kilikauka mwaka jana au kilifika Novemba? Mama Neema anasemaje kuhusu kivuli cha pale anapokaushia mihogo? Na mzinga mmoja sasa ni shilingi ngapi huko?

Piga simu kama barua itachelewa kujibiwa, ila jioni, kwa kuwa mchana niko bondeni ambako mtandao haufiki.

Wasalaam,
ndugu yako,
Baba Tito