Vijia vya Lushoto vielezwe kwa saa, si kwa picha

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kila likizo ya skuli inapokaribia hutajwa juu juu na kuachwa, nalo ni safari za mapumziko za watu wa Pemba na Unguja kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, hasa vile vijia vya miguu ambavyo ndivyo vinavyowavuta wengi huko. Matangazo ya safari hizo yanayotufikia huonyesha mtu amesimama juu ya majabali ya Irente, ukingo wa mlima ulio karibu na mji huo, na chini ya picha huwekwa nauli na bei ya chumba. Njia yenyewe haielezwi. Msomaji haambiwi inachukua muda gani, inapanda kiasi gani, inapita pembeni mwa mashamba ya nani, wala ni miezi gani haifai kuiendea.

Kwa mtu wa visiwani upungufu huo si mdogo. Sisi tumezoea ardhi ambayo mwinuko wake mkubwa, Masingini kule Unguja, haufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na matembezi yetu ya msituni ni yale ya Jozani na Ngezi, ambako njia ni fupi, imesafishwa, na mtembezaji anapatikana pale pale langoni. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na vijia vinavyoanzia hapo havikai sawa hata kidogo: hushuka bondeni, huvuka kijito, kisha hupanda tena upande wa pili. Ndiyo maana mtu akiambiwa kilomita 6 tu bila kuambiwa saa, huzipima kwa miguu ya tambarare, akajikuta adhuhuri imempata nusu ya njia akiwa na watoto waliochoka na chupa ya maji iliyokwisha.

Irente peke yake haina shida kubwa. Kutoka mjini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka, na njia hupita vijijini kabla ya kutokea kwenye ukingo, ambapo ardhi hukatika ghafla na uwanda wa Mazinde huonekana karibu mita 1,000 chini. Hapo pana jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi: mawe ya ukingoni hayana kizuizi cha maana, na mtoto aliyekulia ufukweni hajui kuogopa kimo.

Msitu wa Magamba ni habari nyingine. Hiyo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kuna kiingilio, na si mahali pa kujiingilia kienyeji. Ndani yake wamo mbega weusi wenye manyoya meupe, na mtoto wetu anayemjua kima punju, yule mbega mwekundu wa Unguja, atafurahi kumwona huyu ndugu yake wa mbali akiruka kwenye miti mirefu iliyofunikwa kuvu na ukungu. Ardhi yake huteleza. Ndara, ambazo kwetu huvaliwa kila mahali, huko hazifai kabisa.

Lakini njia ambayo mimi naiona ndiyo roho ya Lushoto ni ile ya siku tatu au nne inayotoka mjini, ikapitia Magamba na Lukozi, ikalala Rangwi kwa masista wanaopokea wapita njia, na kumalizikia Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima kaskazini mwa Usambara Magharibi. Hii haionekani katika tangazo lolote la kwetu, ilhali wageni kutoka Ulaya wanaijua vizuri. Msafiri hulala kijijini, husikia adhana milimani, kwa kuwa Waislamu ni wengi upande huo, na halazimiki kurudi kwa miguu, maana kuna basi la kurudi linaloondoka Mtae kabla hakujapambazuka. Anayelikosa hilo ajihesabie siku nyingine.

Vijia hivi havikutengenezwa kwa ajili ya mapumziko. Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, huvitumia kila siku kushusha kabichi, karoti, viazi na matunda kwenda gulioni, na mahali pengi kijia ndicho mpaka wa shamba. Makundi ya kwetu yana tabia ya kutembea yametawanyika kwa mazungumzo na picha, na mguu mmoja uliokanyaga ukingo wa tuta huharibu kazi ya mtu. Mwongozaji wa kijijini analijua hili na hulisema kwa upole. Wapo wanaodai kwamba tukiweka maelezo na vibao vya njia, vijana wanaoongoza wageni watakosa kazi. Sikubaliani nao, kwani anayejua kwamba safari ya Rangwi si ya saa chache ndiye atakayemtafuta mwongozaji, na anayedhani ni matembezi ya asubuhi ndiye anayekwenda peke yake na kupotea.

Kuhusu majira, Idi huandama mwezi wala haiandami mvua. Kati ya mwaka 2023 na 2027 Idi el Fitri inaangukia Machi au Aprili, ndani ya masika, wakati ambapo hata barabara ya Mombo kupitia Soni hadi Lushoto huweza kuporomokewa na udongo na mawe. Anayetaka kutembea kwa raha aende Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba, akikumbuka kwamba Julai usiku baridi yake hukaribia nyuzijoto 10, na koti la kuazima kwa jirani wa Wete halitatosha.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaosimamia utalii wilayani Lushoto: penye njia panda za vijia vinavyotumika zaidi pawekwe kibao cha Kiswahili kinachotaja kijiji kinachofuata, saa za kwenda kwa miguu, na mahali palipo na maji. La pili ni kwako, Mhariri. Kabla ya likizo ya Juni gazeti lako litoe ukurasa mmoja wenye vijia vitano au sita, kila kimoja na muda wake, ugumu wake, kiingilio kama kipo, na namna ya kufika kutoka bandari ya Tanga, ambako wengi wetu wa Pemba huteremka. Kazi hiyo ifanywe na mwandishi aliyevitembea mwenyewe.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Wete, Pemba