Chini ya mwembe nyasi zafa kila mwaka? Usinunue zingine kwanza

Masika ikikaribia simu twazopigiwa sisi mafundi wa gadeni hapa Mombasa ni zile zile. Nyali, Bamburi, Kizingo, wote wasema hivi: gadeni nzima imeshika vizuri ila chini ya mwembe ni udongo mtupu, na washapanda mara mbili tatu. Ukiuliza walipanda nini, ni nyasi za Kikuyu, manake waliziona kwa ndugu Nairobi zimependeza. Zimependeza kweli, lakini zile ni za bara, zataka baridi na jua la wazi, huku kwenye joto letu tena kivulini zajikokota miezi miwili hivi halafu zakonda, zageuka manjano, kwisha.

Angalia mnazi. Chini yake nyasi hazina shida, makuti yapitisha jua na kivuli chasogea. Mwembe majani yamebanana mwaka mzima, hata mvua ndogo yaishia huko huko juu. Na ukipiga jembe, inchi mbili tatu tu washakutana na mizizi myembamba kama nyuzi, hiyo ndiyo yanywa maji yako na kula samadi yako kabla nyasi hazijaonja.

Kwa hivyo sisi twaanza juu. Twaondoa matawi ya chini na kufungua katikati, jua liingie vipande vipande, lakini hatupiti robo ya mti kwa mara moja (maembe nayo si wayataka?). Kisha twapanda nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zavumilia kivuli na hata maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Twazipanda inchi 6 hivi kutoka kipande hadi kipande, mvua zikianza.

Tafadhali usimwage lori la udongo juu ya mizizi. Kuna nyumba tuliitwa, mti wa mkungu wakauka upande mmoja, kumbe fundi aliyetangulia alijaza karibu futi nzima, shina limefukiwa, mizizi haipati hewa. Tulifukua kwa mikono siku mbili, na ule upande haukurudi. Udongo na samadi, unene wa vidole viwili watosha.

Zikishika, usizinyoe kipara, acha inchi 3, jani ndilo lakusanya hicho kijijua kidogo. Maji mwaga asubuhi, mengi, mara mbili tatu kwa wiki, sio kurashia rashia kila jioni mpaka ukungu uingie. Na lile fagio la chelewa la kila alfajiri, jamani! Lang'oa miche yote, tumia reki, pole pole.

Pale shinani kabisa hatupandi hata ukilipa, twaweka kokoto ama benchi.

Wataka tuje? Piga picha ya hapo chini ya mti saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, siku ya jua, ututumie WhatsApp. Tukiona jua halifiki hata kidogo twakwambia kabla hujatoa pesa.