Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tuanze na Mtu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti aeleze mbele ya mkutano mkuu chama kimefanya nini katika mwaka uliokwisha. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na majina ya wanachama wapya anayo Katibu, kwa hiyo huko sitaingia. Nitazungumzia kazi yenyewe iliyotukutanisha, yaani kutunga hadithi, maana mwaka huu tumeijadili kwa undani ambao sijauona tangu nijiunge na chama hiki. Kila baraza la mwezi lilikuwa na mwandishi mmoja mbele yetu, akieleza hadithi zake zinachipukia wapi, kwa nini amechagua utanzu, yaani aina ya hadithi, anaouandika, na kwa nini sentensi zake zimekaa vile zilivyokaa.

Jambo moja lilijirudia baraza baada ya baraza. Wengi, wakiulizwa hadithi ilianzaje, walijibu kwa kutaja tatizo: rushwa, dawa za kulevya, ndoa za utotoni, ugomvi wa mirathi. "Nilitaka kuionya jamii." Baada ya hapo ndipo alipotafutwa mtu wa kulibeba tatizo, akapewa jina, akapewa mkosi, akaanza kuhutubia. Chanzo chake nakielewa. Wengi wetu riwaya tumeijulia darasani, kwa maswali ya mtihani yanayotaka dhamira na mifano yake, na mtu aliyezoeshwa kuipasua hadithi namna hiyo huamini kwamba ndivyo inavyotungwa pia. Mimi siamini hivyo. Mwaka mzima nimekuwa nikiwaomba tuanze na mtu, na dhamira itamfuata aendako.

Nitoe mfano, kwa idhini ya mwenyewe. Mwanachama wetu mmoja, mwalimu kutoka Pangani, alituletea hadithi fupi ya mjane anayenunua samaki mnadani pale Deep Sea, Tanga, na kuwatembeza mitaani. Katika rasimu ya kwanza mjane anadhulumiwa na dalali, anaangua kilio, kisha aya nzima inaeleza jinsi wanyonge wanavyonyanyaswa. Baraza lilimwuliza maswali madogo madogo. Chenji aliipokea vipi? Aliiweka wapi? Dalali alikuwa anatazama nini? Baraza lililofuata alirudi na ukurasa mwingine. Mjane anapokea chenji, anaifunga kwenye pindo la khanga, anapiga hatua, anasimama. Anafungua fundo, anahesabu noti moja moja juu ya ndoo ya vibua, polepole, dalali akimwona. Dalali anageuza uso na kuanza kunadi fungu jingine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kilio hakimo, hotuba haimo, hata neno dhuluma halimo. Alipomaliza kusoma, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema, "Huyo dalali namjua."

Hoja yangu haikupita bila kupingwa, na nashukuru. Mzee wetu mmoja alisimama akauliza: na Shaaban Robert je? Mwana wa Tanga huyu, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, si alianza na maadili? Watu wake si wanaitwa Karama, Adili, Utubora? Swali hilo lilitukalisha mpaka adhana ya magharibi, na bado linanifikirisha. Nilichokipata ni hiki. Kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi ya kubuni iliyo angani ilimpa nafasi ya kusema juu ya sheria mbovu na haki iliyonyimwa, mahali ambapo kusema waziwazi kungekuwa na gharama. Isitoshe, aliandika katika mkondo wa ngano na hekaya, ambamo jina la mtu ndiyo tabia yake na msikilizaji hashangai. Na hata humo, kinachomshika msomaji ni Karama amesimama mbele ya mfalme na baraza, mshitakiwa, akijitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Roho yake iko hatarini tangu mwanzo, nasi tunasikiliza kwa sababu hiyo. Anayetaka kuandika istiara, yaani hadithi inayosema jambo moja na kumaanisha jingine, leo na aandike, ila ajiulize inamsaidia kusema nini ambacho asingeweza kukisema kwa njia nyingine. Kumwita mhusika Mashaka kisha ukadhani umekwisha kumuumba ni kuchukua ganda la Shaaban Robert na kuacha kiini.

Baraza la riwaya za upelelezi ndilo lililojaza watu kuliko yote. Kwa muda mrefu wenzetu wanaoandika upelelezi na mapenzi wamekaa viti vya nyuma, kana kwamba kazi yao ni ya daraja la pili. Upangaji huo wa madaraja siukubali. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyekuwa mhariri wa magazeti, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Wahakiki wameonyesha jinsi alivyomtazama Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa Arthur Conan Doyle: kiko mdomoni, rafiki wa kuandamana naye, akili ya kupima ushahidi. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, hayuko London. Yuko Unguja, kati ya watu wenye mizimu yao, nasaba zao na siri zao za nyumbani, na maiti ya kwanza inapatikana mzimuni. Mbinu ya kufumbua fumbo aliichukua mbali, mengine yote aliyatoa kwao. Wale mnaoniuliza kila mara kama ni halali kuathiriwa na vitabu vya nje, jibu ni hilo.

Mwanachama wetu aliyeongoza baraza lile amewahi kufanya kazi bandarini. Alituambia kwamba yeye huanza na karatasi: stakabadhi ya mzigo ambayo uzito wake haulingani na kontena. Hujiuliza nani aliitia saini, na kwa nini saini hiyo imetetemeka. Kuanzia hapo ana mtu, na mtu huyo ana mke, deni, na bosi anayempigia simu usiku. Wenzetu mnaoandika riwaya nzito, kaeni na ndugu huyu. Anajua namna ya kumfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata, na ujuzi huo hauna utanzu wake maalumu.

Juu ya chemchemi za hadithi tulisoma kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, ambamo mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 tunaufikia kupitia maisha ya Rashidi, kwa hiyo historia inaingia kwa mlango wa nyumba ya mtu. Ya pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya 2021. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Waliosoma chuo cha Kurani walikitambua mara moja kisa cha Nabii Yusuf ndani yake, na mazungumzo yalichangamka kwelikweli. Visa tulivyosimuliwa utotoni bado tunavyo wote. Tuvitumie.

Suala la mtindo lilitugawa zaidi. Wapo wanaotaka wahusika wote waseme Kiswahili sanifu, na wapo wanaotaka kila mtu aseme kama anavyosema mtaani kwake. Msimamo wangu: msimulizi achague sauti yake na aishike, lakini muuza maji ya madafu asizungumze kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kijana wetu wa Lushoto aliuliza kwa wasiwasi kama anayeota kwa Kisambaa anaweza kweli kuandika riwaya ya Kiswahili. Nilimkumbusha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyekulia katika Kikerewe. Kutoka Rosa Mistika ya 1971, yenye usimulizi wa moja kwa moja, alifika Nagona ya 1990, kitabu chembamba kama ndoto ambacho wasomaji wanabishana nacho mpaka leo. Mtu mmoja, lugha moja, mitindo miwili iliyo mbali hivyo. Kijana ameahidi sura ya kwanza.

Sasa yale ya kiutendaji, kwa kifupi. Baadhi ya miswada ya wanachama imekaa muda mrefu kwa mchapishaji mmoja bila jibu lolote, hata la kukataa. Hilo linavunja moyo, na kamati imeandika barua kuomba miswada irudishwe. Nawasihi msitie saini mkataba ambao hamjauelewa, hasa vifungu vya mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu, na muda wa haki, na kazi zenu mziandikishe Ofisi ya Hakimiliki. Wenye miswada iliyokamilika wajiandae kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, na pia kwa Tuzo ya Safal-Cornell ya uandishi wa Kiswahili, ambayo zamani mliijua kama Mabati-Cornell.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mabaraza yafuate utaratibu huu: kila mwandishi asome kurasa tatu kwa sauti kabla ya kueleza chochote, na maswali ya kwanza yahusu mhusika. Tunapendekeza pia baraza moja la hadithi za watoto, utanzu ambao hatujaupa nafasi hata kidogo, na jingine la wanawake wanaoandika upelelezi, kwani tayari wamo humu ndani. Mkikubali, Katibu ataanza kuandikisha wasomaji leo baada ya chai.

Naomba kuwasilisha.