Barua kwa mwanangu: ile saa usipande nayo ndege

Hombolo, Jumapili usiku

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Goti langu ni lile lile. Barua hii utaikuta kwa shangazi yako Area C, Dodoma mjini, Jumanne utakapolala pale kabla ya kupanda treni ya kwenda Dar. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Unajibu "sawa baba, sawa baba" huku nasikia unacheka na wenzako wa kambini.

La kwanza ni ile saa ya kupimia mbio. Mama yako ameitafuta kabatini haioni, na anaapa uliondoka nayo Krismasi. Kama unayo, usipande nayo ndege. Iache hapo hapo kwa shangazi yako. Sababu nitaisema, ngoja nimalize kwanza la pili.

La pili ni maneno yako kwenye kundi la familia. Mjomba wako aliuliza kama ni haki wanariadha wa Urusi kufungiwa kwa ajili ya vita ya Ukraine, swali la kupitishia jioni tu, unamjua alivyo. Wewe ukajibu papo hapo: "Nchi inayopigana ifungiwe, na wachezaji wake wote. Wangetaka wangekataa." Binamu zako wakakumwagia makofi. Mimi nikazima data, nikatoka nje, nikakaa pale kwenye gogo mpaka mama yako akaja kuuliza kama naumwa.

Wangetaka wangekataa. Hayo umeyatoa wapi?

Usidhani napinga watu kufungiwa. Afrika Kusini ya makaburu ilizuiwa kwenda Tokyo 1964, ikafukuzwa kabisa 1970, ikaja kurudi Barcelona 1992, na mpaka leo hakuna aliyenishawishi kwamba lilikuwa kosa. Lakini niliona pia nani analipa. Februari 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huku John Walker wa New Zealand akimfuata mgongoni. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Kumbe timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu, New Zealand ikaachwa ishiriki kama kawaida, na nchi za Afrika zaidi ya 20 zikasusa, sisi tukiwemo. Nilikuwa na miaka 16. Nilipiga kelele za kuunga mkono pamoja na shule nzima, na usiku nikajifunika shuka nikalia. Walker akachukua dhahabu. Bayi hakuipata tena nafasi ile. Sijui kama kuna aliyemuuliza yeye anaonaje.

Halafu 1980. Warusi walikuwa wameingia Afghanistan, Wamarekani wakaamua kuisusia Olimpiki ya Moscow. Rais Carter akamtuma Muhammad Ali aje Dar es Salaam kutuomba na sisi tusiende. Mwalimu hakukubali kuonana naye. Mimi nilimhusudu Ali kupita kiasi, lakini siku ile nilicheka, maana mtu aliyenyang'anywa ubingwa 1967 kwa kukataa jeshi wakati wa vita ya Vietnam ndiye huyo huyo anatumwa na serikali ile ile. Huyo basi ndiye aliyekataa, mwanangu. Alikataa kweli, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila pambano, katika miaka yake mizuri. Vijana wa rika lake waliokwenda ni wengi kuliko mizabibu yote ya Hombolo. Wewe ungekuwa upande gani? Usinijibu haraka.

Sisi tukaenda Moscow. Bayi akaleta fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akaleta fedha ya mita 5000, na mpaka leo ndizo medali mbili tu za Olimpiki tulizonazo. Waganda nao walikuwepo. John Mugabi alichukua fedha ya ngumi. Sasa hesabu mwenyewe: Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Olimpiki ilianza Julai 1980. Mwaka mmoja na kidogo tu nyuma, nchi hizi mbili zilikuwa zinauana. Amin ndiye aliyeanza, Oktoba 1978, hilo sibishani na mtu. Lakini Mugabi hakuwa Amin. Na sisi tuliovuka mto Kagera, sisi nao... Nitarudi hapo.

Mama yako amepita hapa anasema nikuulize kama sweta la kijivu unalo. Huko uendako kuna baridi, usijifanye shujaa.

Niendelee. Paris 2024 walitengeneza kanuni. Mrusi na Mbelarusi hakuruhusiwa bendera, wala wimbo wa taifa, wala timu. Aje mmoja mmoja, awe hajaunga mkono vita, na asiwe na mkataba na jeshi au chombo cha usalama. Waliopita wakawa Warusi 15 na Wabelarusi 17. Na kwenye riadha, mchezo wako, hawakuruhusiwa hata hao, kwa sababu riadha ilikuwa imefunga mlango wake tangu Machi 2022.

Isome tena kanuni hiyo: asiwe na mkataba na jeshi. Isome ukiwa umevaa gwanda lako, lile ulilopiga nalo picha ambayo mama yako ameitundika sebuleni juu ya televisheni na kila mgeni lazima aonyeshwe. Juma Ikangaa, mtoto wa hapa hapa Dodoma, aliyeshinda New York 1989 na kushika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, alikuwa afisa wa jeshi. Bayi alikuwa askari. Magdalena Shauri wa maratoni, unayemfuata kila kitu mpaka mtindo wa nywele, ni wa JWTZ, jeshi letu. Simbu wa Singida, jirani zetu, ni wa JWTZ. Mnaingia huko kwa sababu ndiko kwenye mshahara wa kila mwezi, kambi, chakula na daktari wa misuli. Mimi mwenyewe ndiye niliyekusukuma, nilichoka kukuona unaomba nauli ya kwenda Moshi. Basi huko Urusi unadhani ni tofauti? CSKA ni klabu iliyozaliwa jeshini. Mariya Lasitskene, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, ana cheo cha jeshi. Sidhani alikipata kwa kupiga risasi. Alikipata kwa kuruka, kama wewe ulivyolipata gwanda kwa kukimbia.

Na hapo ndipo usingizi unaponikatikia, kwa sababu mimi nakubaliana na kanuni hiyo. Naona ni ya haki. Aliyekula kiapo cha jeshi linalovamia watu hana uso wa kusimama kwenye mstari na mtu aliyevamiwa. Yaroslava Mahuchikh wa Ukraine aliondoka kwao Dnipro kwa gari, siku tatu barabarani, mpaka Belgrade, akaruka, akashinda, Machi 2022, vita haijatimiza mwezi. Mtoto kama huyo akisema sitaki kusimama karibu na Lasitskene, mimi nitamwambia nini? Hao wawili walikumbatiana mbele ya kamera Tokyo 2021, Lasitskene akiwa na dhahabu na Mahuchikh na shaba, na kwao Ukraine wakamsema sana kwa kumkumbatia askari wa Urusi. Alikuwa na miaka 19.

Kwa hiyo kanuni naikubali, na kanuni hiyo hiyo siku moja inaweza kukukuta wewe. Hatuchagui serikali ya kesho itamtuma nani wapi. Siku hiyo binti wa nchi nyingine ataandika kwenye kundi la familia yao kwamba yule Mtanzania angetaka angekataa. Je, ungekataa? Una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Una mdogo wako Chuo Kikuu cha Dodoma unayemlipia chumba. Sikuulizi kwa kukubeza, mama. Nakuuliza kwa sababu mimi swali hilo lilinikuta na sikulitambua.

Na wale unaosema wafungiwe wote, umeshawahi kuwaangalia ni akina nani? Ethiopia ilipigana yenyewe kwa yenyewe kule Tigray tangu Novemba 2020. Julai 2022, kwenye mashindano ya dunia ya Oregon, Letesenbet Gidey akachukua dhahabu ya mita 10,000, Gotytom Gebreslase ya maratoni, Gudaf Tsegay ya mita 5000. Wote watatu ni mabinti wa Tigray, wakati ambao huko kwao simu zilikuwa zimekatwa na chakula ni cha shida. Ungeifungia Ethiopia kwa vita yake, ungekuwa umewafungia hao waliopigwa. Na Simbu alipochukua dhahabu ya maratoni Tokyo mwaka 2025, ulipiga kelele mpaka jirani akaja, lakini ulimwangalia aliyekuwa nyuma yake kwa sekunde 0.03? Amanal Petros, anakimbilia Ujerumani, alifika huko akiwa mkimbizi, kazaliwa Eritrea kakulia Ethiopia, na vita ya Tigray ilipopamba mama yake alikuwa huko huko. Mbio moja, muda mmoja wa 2:09:48 kwa wote wawili, mbele askari na nyuma mkimbizi. Mimi niliitazama picha ile ya mwisho muda mrefu kuliko wewe.

Wamarekani walikwenda Athens 2004 na bendera yao wakiwa ndani ya Iraq, wala hakuna aliyewauliza mkataba wa jeshi. Hilo nalo lipo. Silitumii kuwatetea Warusi, mjomba wako ndiye hulitumia hivyo.

Sasa ile saa.

Unakumbuka nyuma yake kuna namba 14 kwa rangi nyekundu. Uliwahi kuniuliza, nikakwambia ni namba ya kiwandani. Si ya kiwandani. Ilichorwa kwa mkono, kwa brashi nyembamba, na ukiitazama vizuri kwenye mwanga ule mkia wa 4 umechuruzika kidogo. Ni namba ya mali ya shule. Shule iko ng'ambo ya Kagera, mji sitautaja. Nilikuwa na miaka 19, mgambo, bunduki yangu nzito kuliko mimi. Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa umeshavunjwa. Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa, limeachwa wazi, majina ya watoto upande huu na nyakati zao upande ule, mita 100, mita 800, kwa wino wa bluu. Mtoto mmoja mwalimu alikuwa amempigia mstari mara mbili. Na saa ilikuwa imelala juu ya ukurasa kuuzuia usipeperuke. Nikalifunga daftari, nikaiweka saa mfukoni.

Hakuna aliyeniamuru. Ningeamriwa labda ningekuwa na cha kukataa.

Ndiyo saa niliyokupimia miaka yote, ya Uwanja wa Jamhuri unayajua, siyarudii. Kila ulipovuka mstari nilikibonyeza kitufe kile nikamwona yule mtoto aliyepigiwa mstari. Labda ndiyo maana nilikuwa mkali, ukisema umechoka nakwambia rudia. Mama yako alinisema kwa hilo, akidhani ni tamaa ya medali.

Sikutaka uijue habari hii. Lakini nilipowaza umeitoa kwenye begi mbele ya mkimbiaji wa nchi nyingine, anakuuliza umeipata wapi saa nzuri ya kizamani namna hii, nawe unajibu kwa fahari kwamba ni ya baba, nikaona bora niandike. Usipande nayo ndege. Nakuomba.

Ule muda wako wa Moshi kaka yako alinionyesha, nikamwambia si mbaya. Alipoondoka niliuandika ukutani kwa mkaa, juu ya pipa la maji, nenda ukaangalie ukija.

Zabibu mwaka huu bei imeshuka, wanunuzi wanakuja jioni wakijua tumeshakata na hatuna pa kuziweka. Bati la jikoni upande wa mashariki limeinuka kwa upepo, nimeweka mawe, nikipata misumari ya kofia nitalipiga. Usitume hela ya bati, tuma ya ada ya mdogo wako kwanza. Shangazi yako ana kilo mbili za ubuyu za kukupa, mama yako ndiye aliyepeleka. Usiwagawie wote ndani ya treni. Mama yako anakusalimu, anasema mbukwa.

Saa ukiiacha, mwambie shangazi yako aifunge kwenye kitambaa, kioo chake kimelegea. Alhamisi nakuja mjini na zabibu, nitaipitia.

Baba yako