Barua kwa Magesa: miti mizee, majabali na chemchemi za Latvia

Cēsis, Latvia
9 Februari

Ndugu yangu Magesa,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba likizo ya Mei imekubaliwa. Uliuliza mambo mawili: tutapima nini, na kwa nini nilikuambia usije na hamu ya panga. Nianze na la kwanza, hilo la panga litajileta lenyewe.

Cēsis iko mkoa wa Vidzeme, kama kilomita 90 kutoka Riga. Kwa treni haizidi mwendo wa saa mbili. Mti mkubwa wa kale huku una jina lake maalumu, dižkoks, na una sheria yake pia. Kanuni za serikali za mwaka 2010 zimepanga kiwango kwa kila aina. Mwaloni, wao huuita ozols, uwe na mzingo wa mita 4. Liepa, mti wenye maua yanayopendwa na nyuki, mita 3.5. Msonobari mita 2.5. Kadiķis, ambao kwa kawaida ni kichaka tu, sentimita 80 zinautosha. Mti ukifikisha kipimo hicho unalindwa hata kama hakuna aliyewahi kuuandika popote, pamoja na ardhi yote iliyo chini ya matawi yake na mita 10 zaidi kutoka ncha za matawi. Ukiona kibao cha kijani chenye picha ya jani la mwaloni, jua umeingia eneo hilo.

Mzingo hupimwa mita 1.3 kutoka pale shina linapotokea ardhini. Inasikika rahisi, lakini hapo ndipo namba nyingi huharibika. Majani makavu na udongo hurundikana kwenye mizizi miaka na miaka, kwa hiyo papasa kwa mkono upate usawa wa kweli wa ardhi kabla ya kuweka alama. Kisha watu wawili: mmoja ashike sifuri, mwingine azunguke. Halafu yule wa pili azunguke tena mikono mitupu, akiangalia tu. Nyuma ya shina, mahali usipopaona, tepu hupenda kuteleza chini, na tepu iliyolala upande kila mara huunenepesha mti. Shina likiwa na nundu hapo kwenye mita 1.3, pima sehemu nyembamba kuliko zote chini ya nundu, na uandike ni kwenye urefu gani. Kwenye mteremko andika umepimia upande wa juu au wa chini. Na angalia mapacha: mashina mawili yaliyoshikana tangu utotoni yanatoa namba ya kutisha, lakini si mti mmoja mnene.

Umri usiuulize sana. Mialoni hii mikubwa karibu yote ina uwazi ndani kama mibuyu, pete za katikati zimeshageuka unga, hakuna cha kuhesabu. Ukisoma kwenye kibao kwamba mti una miaka 1,000, tabasamu uendelee na safari.

Sasa panga. Mwaloni wenye matawi mapana yaliyoshuka chini ni mti uliokulia uwanjani, kwenye jua, kando ya nyumba au malishoni. Machi 1949 utawala wa Kisovieti ulihamisha kwa nguvu watu zaidi ya 42,000 kutoka Latvia, wengi wao familia za wakulima. Nyumba zikabaki tupu, mashamba yakawa pori. Miti michanga ya egle, jamaa ya msonobari yenye kivuli kizito mwaka mzima, ikaota hadi miguuni mwa mialoni na kuipita kimo. Mwaloni uliozoea jua hufa kutoka chini kwenda juu: matawi ya chini hukauka kwanza, kisha ya kati, mwishowe linabaki kichwa kidogo kinachopigania mwanga. Mshairi Imants Ziedonis na wenzake walianza miaka ya 1970 kuzunguka nchini na misumeno wakiifungua miti hii, na kazi hiyo ingali inaendelea.

Mtu mwenye nguvu kama wewe atataka kusafisha yote kwa siku moja. Hapo ndipo mti unapokufa mara ya pili. Gome lililokaa kivulini miaka 40 huungua likikutana na jua la ghafla, na upepo uliokuwa umezuiliwa hulipiga shina ambalo halijajiandaa. Kwa hiyo msimu wa kwanza huondolewa miti inayogusa au kutoboa matawi ya mwaloni tu. Baada ya mwaka mmoja au miwili unasogea nje kidogo, kisha tena. Tunakata majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda na ndege hawajaanza kutaga. Matawi yaliyokatwa hubebwa nje kwa mikono. Ukiyaburuta unachubua mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi, na ukiingiza trekta unaushindilia udongo hadi maji na hewa visipite. Moto hauwashwi chini ya mti kamwe. Kabla ya yote hayo inatakiwa ruhusa ya mwenye ardhi, na kuuliza mamlaka ya hifadhi ya asili, Dabas aizsardzības pārvalde, kama ruhusa yao nayo inahitajika. Mei utakuta kazi ya kukata imekwisha, kwa hiyo panga la nini?

Uwazi wa ndani nao usikutie huruma. Zamani watu waliuziba kwa saruji wakidhani wanatibu jino. Unyevu ukanaswa ndani na kuozesha ukuta uliokuwa mzima. Ule unga mwekundu ndani ya shina ni nyumba ya mbawakawa mmoja mweusi, Osmoderma, anayelindwa Ulaya nzima na anayeishi humo tu. Adui halisi ni kiberiti: katika majira ya kuchipua kuna watu huchoma nyasi kavu, kūla, ingawa ni marufuku. Moto ukiingia kwenye uwazi, shina huwa bomba la moshi, na usiku mmoja humaliza kazi ya karne nne.

Majabali hayatakushangaza kwa ukubwa, wewe umekulia Mwanza. Tofauti ni kwamba mawe ya Mwanza yamezaliwa pale pale yalipo. Haya ya Latvia ni wageni: barafu nene ya zama za kale iliyafukua Finland, Sweden na sakafu ya Bahari ya Baltiki, ikayasukuma huku na kuyaacha ilipoyeyuka. Chini yake utakuta mchanga na udongo wa mfinyanzi, si mwamba. Jiwe hulindwa likiwa na mita za ujazo 10 au zaidi juu ya ardhi. Unapima urefu, upana na kimo, unazidisha, kisha unachukua nusu hivi, kwa sababu jiwe si sanduku. Lile kubwa kuliko yote nchini, la Nīcgale huko kusini-mashariki, lina urefu wa mita 10.5, upana 10.4 na kimo 3.5. Nusu ya hesabu inakupa 191, lakini ujazo unaokubalika ni takriban 170, kwa kuwa mabega yake yameteremka sana. Utakutana na majina mengi ya Velns, yaani shetani: alikuwa amebeba jiwe usiku, jogoo akawika, akaliangusha. Usikwangue lile zulia la kijani juu ya jiwe ili upige picha safi. Na usichimbe pembeni kutafuta kina chake. Ukishafukua, kipimo cha juu ya ardhi kimeharibika, na jiwe laweza kuegama.

Chemchemi ni avots. Maji hutoka na baridi ya nyuzi 6 hadi 8, kiangazi na majira ya baridi, ndiyo maana mdomo wake hauonekani kuganda hata sasa. Kipimo chake ni ndoo ya lita 10 na saa ya simu: ikijaa kwa sekunde 4, ni lita 2.5 kwa sekunde. Rudia mara tatu. Kosa kubwa ni kuichimba ili "itoke vizuri". Tabaka la udongo linaloyasukuma maji juu likitobolewa, maji hupata njia nyingine na chemchemi inaweza kukauka. Kijijini Liepa (ndiyo, kama ule mti) tutaona Lielā Ellīte, matao ya mawe ya mchanga yaliyochongwa na chemchemi yenyewe. Tafsiri yake ni kama "Kijehanamu Kikubwa". Mimi jina hilo bado linanichekesha.

Rauna ndiko nakotaka tukae nusu siku. Maji ya chemchemi ya pale yana chokaa; yakifika hewani chokaa huganda juu ya majani na vijiti, na sasa kuna ukuta wa kama mita 3.5 kwenda juu, una vitundu kama mkate wa kumimina. Kiatu kimoja kinavunja kilichojengwa miaka mingi. Kaka yake mkubwa, Staburags kando ya mto Daugava, alizama katikati ya miaka ya 1960 bwawa la umeme la Pļaviņas lilipojazwa.

Kupe wa huku huambukiza homa ya ubongo. Chanjo ina dozi zinazopishana wiki kadhaa, kwa hiyo ulizia mapema. Suruali ndefu, chini iingie ndani ya soksi.

Na tepu: usinunue ya mita 10. Mwaloni wa Kaive, kule Sēme upande wa Tukums, ndio mnene kuliko yote Latvia na umeshavuka mita 10. Nunua ya mita 20, ya fibaglasi. Ya kitambaa ikilowa inavutika. Ndoo ninayo.

Nisalimie mama, umwambie shikamoo.

Wako,
Hamisi